Je, Bati Ndiyo Maendeleo?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wenzangu wengi hulidhani kuwa dogo, yaani paa la nyumba. Muhula uliopita, katika chama chetu cha majadiliano, tulishindana juu ya hoja isemayo kwamba mtu aliyesoma hapaswi kuishi chini ya makuti wala nyasi. Walioiunga mkono walishinda kwa kura nyingi sana. Mimi sikusema neno siku ile, ingawa nilikuwa na mengi ya kusema, kwa sababu ningelazimika kueleza kosa nililolifanya nyumbani kwetu, nami niliona haya. Leo nimekata shauri kulieleza, maana huenda likamfaa mtu mwingine kabla hajatoa fedha zake dukani.

Wengi wenu mnajua kwamba mimi si mwenyeji wa hapa Uganda. Kwetu ni Turkana, ng'ambo ya mpaka, katika kaskazini ya Kenya, si mbali na mji wa Lodwar. Mtu aliyezaliwa katika nchi ya migomba hawezi kulidhania joto la kule. Mji huo uko chini, kiasi cha mita 500 tu kutoka usawa wa bahari. Joto la mchana hufika digrii 35 karibu kila mwezi wa mwaka, na mara nyingi hupita hapo. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200, na iko miaka isiyofika hata kiasi hicho. Usiku nao hauleti baridi kama usiku wa majangwa mengine. Hupoa kidogo tu, na mtu hulala bila shuka.

Wazee wetu waliifahamu nchi yao. Nyumba ya Kiturkana hujengwa na wanawake. Hupinda fito ndefu zikakutana juu kama kikapu kilichofunikwa, kisha huzifunika kwa majani ya mkoma au kwa ngozi. Upepo hupita kati ya majani, na jua halipiti. Mgeni akiitazama husema ni kibanda cha maskini. Mimi nami nilisema hivyo, na hapo ndipo kosa langu lilipoanza.

Nilipokuwa Kidato cha Tatu, baba alinipelekea habari kwamba ameuza mbuzi ili ajenge nyumba ya kudumu, naye alitaka shauri langu kwa kuwa mimi ndiye mtoto wake wa kwanza kufika shule ya sekondari. Nilimwandikia barua ndefu yenye maneno makubwa. Nilimwambia kwamba makuti ni ya watu wa zamani, kwamba dunia nzima imeyaacha, na kwamba nyumba isiyo na bati si nyumba. Baba akanisikiliza. Alinunua mabati, akajenga nyumba ya vyumba viwili yenye kuta za matofali ya simenti, madirisha mawili madogo, na paa la chini, kwa sababu kuta fupi hupunguza gharama.

Niliporudi likizoni niliiona nyumba yetu kutoka mbali, inang'aa kama kioo, na moyo wangu ukajaa fahari. Fahari hiyo haikufika saa nane mchana. Mama alikuwa na mtoto mchanga, dada yetu wa mwisho, na mwili wake wote ulikuwa umejaa vipele vya joto. Hakuweza kulala ndani mchana, wala hakuweza kulala ndani usiku wa kwanza. Mdogo wangu wa kiume, ambaye alikuwa akijitayarisha kwa mtihani wa shule ya msingi, alisomea chini ya mti, na upepo ulipovuma mchanga uliingia katika madaftari. Nyanya yangu hakukubali hata kuingiza vitu vyake. Siku niliyomwomba aje aione nyumba, alisimama mlangoni, akanyosha mkono ndani, akaurudisha, akasema, "Mjukuu wangu, jiko nimeliona. Sasa nyumba ya kulala iko wapi?"

Watu wote walicheka, nami nikacheka pamoja nao, lakini neno lile lilinichoma. Baba hakunilaumu. Aliniambia tu, "Wewe ndiye uliyesoma." Nadhani angenipiga isingeniuma vile.

Basi niliporudi shuleni nilianza kuuliza na kusoma. Nilitaka kujua kwa nini kitu kinachosifiwa na kila mtu kilikuwa kimetutendea hivyo. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, bati halikubuniwa kwa ajili ya jangwa. Aliyepata hati ya kulimiliki bati la mikunjo alikuwa mhandisi Henry Robinson Palmer, mwaka 1829, mjini London, ambako alikuwa akifanya kazi katika bandari. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hati kwa njia ya kulipaka chuma zinki ili lisishikwe na kutu upesi. Ni kitu chepesi, ni rahisi kusafirisha, na mafundi wachache huweza kufunika nyumba kubwa kwa siku moja. Kwa hiyo limeenea duniani kote, na sifa hizo ni za haki. Lakini London ni mji wa mawingu na baridi. Walilolitaka ni kuzuia mvua.

Pili, bati ni jembamba sana. Joto la jua likilipiga upande wa juu, hufika upande wa chini mara moja, kisha bati lenyewe hutupa joto hilo juu ya vichwa vya watu kama jiko lililopinduliwa. Ndiyo maana ukiketi chini ya bati saa saba mchana husikia joto utosini kabla ya kulisikia miguuni. Paa likiwa chini, jiko liko karibu zaidi. Madirisha yakiwa madogo, hewa ya moto haina pa kutokea.

Labda mtu atauliza: je, bati jipya haling'ai? Na kinachong'aa si hurudisha mwanga wa jua? Swali hili nililiuliza mimi mwenyewe, na jibu lake lilinishangaza. Ni kweli kwamba bati jipya hurudisha sehemu kubwa ya mwanga. Lakini chuma kinachong'aa ni kichoyo: joto kidogo kinalolimeza hakitaki kulitoa tena kuelekea angani, basi hulikusanya mpaka kikawa cha moto kabisa. Tena mng'ao wenyewe haudumu. Miaka michache ya vumbi na hewa hulifanya liwe la kijivu, na hapo humeza jua zaidi. Rangi nyeupe ni tofauti. Hurudisha sehemu kubwa zaidi ya mwanga, na joto dogo inalolimeza hulitoa kwa urahisi. Kwa macho yetu kung'aa na weupe ni ndugu, lakini kwa jua si ndugu hata kidogo.

Sikutaka kuamini kitabu tu. Katika likizo iliyofuata nilichukua kipande cha bati kilichobaki, nikapaka nusu yake chokaa na kuiacha nusu nyingine kama ilivyo. Adhuhuri nikakiweka juani, nikaweka kipande cha mshumaa mweupe kila upande. Upande usio na chokaa mshumaa ulilainika, ukalala, ukaanza kutiririka. Upande wa chokaa ulilainika kidogo tu, ukabaki umesimama. Mdogo wangu alikiita kipande kile "bati la shule", na kwa siku mbili watoto wa majirani walikuja kutazama mishumaa ikiyeyuka, mpaka mama akauliza ni nani atakayemlipa mishumaa yake.

Sasa nataka kusema juu ya makuti bila kuyapendelea. Ni kweli kwamba chini ya makuti mazuri mtu hupumzika. Lakini makuti huungua, na cheche moja ya jikoni yatosha kuimaliza nyumba. Mchwa huyala. Hutaka kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Mkoma nao si mti wa kuchezea. Watu wetu hula matunda yake, na wanawake hufuma vikapu na mikeka kwa majani yake na kupata fedha za ada. Kama kila mtu wa Lodwar, mji unaokua, angetaka paa la mkoma, mikoma iliyo kando ya mto Turkwel ingepata taabu. Tena makuti hayakingi maji. Paa la bati la mita za mraba 40, mahali penye mvua ya milimita 200, hupokea kwa mwaka lita 8,000, yaani madebe 400 ya lita 20. Hata kama sehemu yake itapotea, mama aliyezoea kuchimba mchanga wa mto mkavu ili apate debe moja hawezi kulidharau bati. Waliosema hivyo katika majadiliano walisema kweli, nami nawapa haki yao.

Wako watu wengine wa jangwani ambao hawakufunika nyumba kwa bati wala kwa makuti, ila kwa udongo. Huko Misri, karibu na Luxor, mhandisi wa majumba Hassan Fathy alianza kujenga kijiji cha Gourna mpya katika miaka ya 1940. Wakati wa vita vile vikuu mbao na chuma vilikuwa ghali, naye alikwisha jaribu kujenga mapaa ya matofali ya udongo yakaanguka. Akaenda kwa mafundi wa Kinubi wa upande wa Aswan, watu wasio na vyeti, akakuta wanajenga paa la duara kwa matofali matupu, bila nguzo wala mbao za kulishikilia. Akawaleta wamfundishe. Nalipenda jambo hili: msomi alikwenda kujifunza kwa fundi wa kijijini. Lakini yafaa nikumbushe pia kwamba wanakijiji wengi hawakutaka kuhamia kijiji kile. Paa zuri lisilopendwa na mwenye nyumba haliwi paa lake.

Huko Arabuni nako, nchi za Ghuba na Omani, mapaa ya zamani yalikuwa ya kulala, yaani bapa. Waliweka vigogo vya mitende, au boriti za mikoko, juu yake mikeka, na juu ya mikeka udongo mzito. Boriti hizo zilitoka wapi? Nyingi zilitoka kwetu Afrika ya Mashariki, Lamu na Rufiji, zikachukuliwa kwa majahazi yakirudi na upepo wa kusi. Hata upana wa vyumba vyao ulifuata urefu wa boriti. Kwa hiyo tukisema kwamba Mwafrika hana la kumfundisha mtu juu ya mapaa, tukumbuke kwamba vichwa vingi jangwani vimelala chini ya miti ya pwani yetu.

Udongo mzito una tabia yake. Paa au ukuta wenye unene wa sentimita 30 hulichelewesha joto kwa muda wa saa 8 hadi 10 hivi. Joto la saa saba mchana hufika ndani saa tatu au saa tano usiku. Katika majangwa yenye usiku wa baridi hiyo ni neema kubwa, kwa maana mchana nyumba ni baridi, na usiku, joto linapofika, watu hulihitaji au wamekwisha panda kulala juu ya paa. Lakini kwetu Turkana usiku hauna baridi. Paa zito litakupa raha mchana, kisha litakutolea joto lile lile wakati unapotaka kulala.

Kutokana na hayo nimepata fikira moja ambayo sikuisikia katika majadiliano yetu, nayo ndiyo kiini cha barua hii. Paa lisichaguliwe kwa sifa, bali lichaguliwe kwa saa. Tuulize kwanza: nyumba hii itakaliwa saa ngapi? Darasa, zahanati na ofisi hukaliwa mchana. Hizo zafaa kuta nene na dari nzito. Chumba cha kulala hukaliwa usiku. Hicho chafaa paa jepesi linalopoa mara jua linapotua, na upepo upite ndani yake. Wazee wetu walikuwa na nyumba nyepesi kwa sababu walikuwa wafugaji wanaohama, lakini pia kwa sababu usiku wao ulizihitaji. Sisi tuliosoma tunajenga nyumba moja ya namna moja kwa saa zote ishirini na nne, kisha twashangaa.

Na bati je? Sisemi litupwe. Nasema lisiachwe peke yake. Fundi mkuu wa majumba Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando huko Burkina Faso, aliwajengea watu wa kwao shule ya msingi iliyomalizika mwaka 2001. Aliweka dari ya matofali ya udongo, na juu yake, kwa nafasi kubwa, akaliinua bati kwa vyuma vyembamba. Bati hupokea jua na mvua, upepo hupita katikati na kulichukua joto, na watoto huketi chini ya dari isiyochomwa na jua. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika kazi hiyo, naye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Mwaka 2021 kazi yake ilifika hata kwetu: kando ya Ziwa Turkana kuna chuo cha vijana alichokichora, chenye minara mirefu kama vichuguu vya mchwa, ambayo huvuta hewa ya moto na kuitoa juu. Hao mchwa wanaokula makuti yetu ndio waliotupa somo.

Najua baba yangu si Kéré, wala hana vyuma vya kuinulia bati. Kwa hiyo nataka kusema yale ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyafanya. Atakayejenga aweke kuta zenye kimo, na aache nafasi wazi juu ya kuta, pande mbili zinazokabiliana, ili hewa ya moto itoke. Wavu utazuia popo na nyoka. Achague bati jeupe, au alipake jeupe, na asitumie rangi yenye risasi kama anakusudia kunywa maji ya paa lake. Chini ya bati aweke dari, hata ya mikeka au ya makuti, iliyoachana nalo kwa nafasi ya mkono mmoja. Paa litokeze nje na kufanya baraza, kwa maana ukuta uliopigwa na jua ni jiko la pili. Alifunge kwa nguvu, kwa kuwa upepo wetu haubishi hodi. Na kama hana fedha za yote, aanze na weupe na hewa; hivyo ni rahisi kuliko vingine vyote.

Hayo ndiyo niliyoyafanya kwetu likizo iliyopita. Mimi na mdogo wangu tulipanda juu alfajiri, kabla bati halijawa moto, tukalipaka chokaa mara mbili. Chokaa hubanduka, najua, na mwaka ujao tutapaka tena. Tulitoboa matofali ya juu pande zote mbili. Mama na shangazi wakafuma mikeka ya dari kwa mkoma, na kazi hiyo haijamalizika. Chumba kimoja kina dari, kingine bado. Mtoto amepona vipele, ingawa sisemi kwamba ni chokaa peke yake iliyomponya. Mama hulala ndani sasa, katika chumba chenye dari. Nyanya aliingia siku moja saa nane mchana, akaketi juu ya kigoda chake, akakaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Afadhali. Sasa ni jiko lililozimwa." Usiku alirudi kulala katika nyumba yake ya majani, na hakuna aliyemzuia.

Sasa baba yangu mdogo naye anataka kujenga, naye ameniletea barua ya kutaka shauri. Safari hii sikumjibu upesi. Nilimwandikia maswali: watu wangapi watalala humo, upepo wa uwanja wake hutoka wapi, maji atayateka wapi, na je, amekwisha muuliza nyanya?

Ndugu zangu wa hapa, msidhani haya ni ya Turkana tu. Karamoja ni jirani yetu, na jua lao ni lile lile. Hata katika shule hii, mvua ikinyesha mwalimu hunyamaza kwa kelele za bati, na mchana wa kiangazi wanafunzi wa madawati ya nyuma husinzia, nao huadhibiwa kwa uvivu ambao pengine ni wa paa. Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu halikuvunjika. Walioumia ni mama na mtoto mchanga, kwa sababu ya barua ya mtu aliyesoma.

Kwa hiyo, kama hoja ile italetwa tena katika chama chetu, nitasimama kuipinga. Sitasema makuti ndiyo mema na bati ndilo baya. Nitasema kwamba mtu aliyesoma hapaswi kuishi chini ya paa ambalo hakulifikiri.

Wenu mtiifu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Sita, kutoka Turkana